Makovu ya chunusi: leza, sindano ndogo au asidi?

Mwanamkasi
Wakuu, naomba tulinganishe. Kuna vishimo vyembamba kama vya msumari, na mabonde mapana yanayojitokeza taa ikimulika kutoka ubavuni. Ngozi nyeusi. Kipi kitangulie?

Kisahani
Tazama kovu kwanza, mashine baadaye. Kishimo chembamba huzama kuliko leza inavyofika kwa usalama. Dawa yake ni asidi kali ya kuchubua iitwayo TCA (trikloroasetiki), ya asilimia 70 hadi 100, inayowekwa kwa ncha ya kijiti ndani ya shimo tu. Punde sehemu hiyo hugeuka nyeupe kama chaki. Asidi ikigusa ukingo, shimo hupanuka. Hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Mabonde yamevutwa na nyuzi zilizo chini. Zisipokatwa kwa sindano inayopitishwa chini ya ngozi, matibabu mengine yatagusa juujuu.

Mwale
Leza ya CO2 hutoa mabadiliko makubwa kwa vikao vichache, ila joto lake huamsha chembe za rangi, na wiki chache baadaye mabaka meusi hutokea. Leza ya erbiamu, aina nyingine, huacha joto dogo zaidi. Kwa ngozi nyeusi leza ipigwe kwa vitone vyenye nafasi kati yake, kamwe isichubue ngozi yote bila kuacha nafasi. Kosa ninaloliona sana: nguvu inapunguzwa, halafu vitone vinasongamanishwa. Joto linajumlishana, ngozi inaungua vilevile.

Tumaini_K
Ndiyo maana napendelea sindano ndogo, zile za kutoboa ngozi vitundu vingi ili ijijenge upya: hazina joto. Mashavuni zizame milimita 1.5 hadi 2.5; kwenye paji la uso pungufu, mfupa uko karibu. Vikao 3 hadi 6. Damu ikitokeza vitone vidogo, inatosha, ikichuruzika, umepitiliza. Roli za sindano za kujifanyia nyumbani huchana, maana sindano huingia kwa pembe moja na kutoka kwa nyingine. Na msipake seramu ya vitamini C papo hapo: ikipenya kwenye matundu inaweza kuzusha vinundu sugu.

Kisahani
Naafiki, isipokuwa kwa mwenye historia ya kelodi (makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha). Huyo asiguswe kwa lolote kati ya haya bila daktari wa ngozi. Chunusi mbichi zitibiwe kwanza. Mwenye kutokwa na malengelenge ya homa mdomoni aanze asiklova, dawa ya kuzuia virusi hivyo, kabla ya leza, kwani virusi vikisambaa kwenye ngozi iliyochubuka huacha makovu mapya.

Mwanamkasi
Kwa hiyo nyuzi, kisha sindano, na asidi kwenye vishimo?

Mwale
Hivyo hivyo, dada. Krimu ya jua SPF 30 au zaidi kila siku, na usihukumu matokeo kabla ya miezi 3 hadi 6. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hujijenga polepole.