Csound, SuperCollider, Pure Data au Faust: ipi ya kuundia sauti ya ganuni kwenye mashine ya GB 4?

#1 nyuzi_tatu
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka wa nne huu natengeneza biti kwenye FL Studio na sina ugomvi nayo. Tatizo limeanzia nyumbani. Mjomba wangu anapiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwenye taarabu hapa Unguja, nami nataka sauti yake niichanganye kwenye kazi zangu. Plagini zote nilizojaribu zinalia kama kinanda cha kuchezea watoto. Tena ile noti mjomba anayoiita sika, inayokaa katikati ya E bemoli na E, hamna kabisa. Kuipinda kwa mkono kila inapotokea ni kazi ya adhabu.

Nimesikia zipo programu za kuunda sauti kuanzia sifuri, na hizi nne ni za bure. Mashine yangu ni Core i3, RAM GB 4, Linux. Nataka moja nikae nayo. Ninyi mnatumia ipi, na imewasumbua wapi? Hapo pa kusumbua ndipo ninapopataka zaidi.

#2 Mzee_wa_Okestra
Csound, kijana wangu. Barry Vercoe aliiandika pale MIT katikati ya miaka ya 1980 kwa lugha ya C, ndiyo asili ya hiyo herufi ya mwanzo. Ukoo wake lakini unakwenda mbali, hadi 1957, Max Mathews wa Bell Labs alipoifanya kompyuta ya IBM 704 itoe muziki. Nina mafaili niliyoandika 1999 na yanalia mpaka leo bila kubadilishwa hata nukta. Niambie ni plagini gani ya mwaka huo inafunguka leo.

Faili lina pande mbili: okestra, ambamo unaunda ala, na skoa, ambamo unasema ala ipi ilie saa ngapi. Uzi wako huu hapa:

```
instr 1
  asig pluck p4, p5, p5, 0, 1
  outs asig, asig
endin
```

Na kwenye skoa:

```
i1 0 4 0.4 320.2
```

Yaani ala ya kwanza, anza sekunde ya 0, lia sekunde 4, ukubwa 0.4, masafa 320.2 Hz. Hiyo 320.2 ndiyo sika ya mjomba wako.

Iliponisumbua: usisahau kuandika `0dbfs = 1` juu ya okestra. Usipoandika, Csound inahesabu kwamba sauti kubwa kabisa ni 32768, kwa hiyo 0.4 yako ni kimya kitupu. Mimi nilikaa nusu saa naongeza spika hadi mwisho, sisikii kitu. Nikagundua kosa, nikaandika ule mstari, nikabonyeza kupiga. Spika sikuzikumbuka. Paka wa jirani hakurudi siku mbili.

#3 binti_wa_seva
Shikamoo mzee. Paka pole yake 😂

@nyuzi_tatu mimi nakuvuta upande wa SuperCollider. James McCartney aliitoa 1996, na tangu 2002 ni programu huria. Ndani yake mna vitu viwili: lugha unayoandikia, na seva inayotoa sauti, vinatumiana ujumbe. Raha yake ni kwamba unabadilisha ala huku inalia. Fungua, washa seva, bandika hii:

```
{ Pluck.ar(WhiteNoise.ar(0.3), Impulse.kr(1), 0.2, 320.2.reciprocal, 4, 0.3) ! 2 }.play;
```

Uzi mmoja, unapigwa kila sekunde. Badili hiyo 0.3 ya mwisho iwe 0.7, sikia unavyofifia, kama mtu kaugusa kwa kiganja. Hakuna cha kuandika faili zima ndipo usikie.

Penye miiba sasa. Kila noti ni kiumbe kwenye seva, na usipoiambia ife ikimaliza (`doneAction: 2`) haifi. Inanyamaza tu na kuendelea kula prosesa. Kuna siku nilikuwa napiga mbele ya watu, nikatupia jicho kona ya chini ya dirisha ambako seva inaonyesha idadi ya sinthi zilizo hai: 90. Nikaendelea. Nikatazama tena, 400 na ushee, na sauti imeanza kukwaruza kama redio ya betri zilizokwisha. Ctrl na nukta ndiyo iliyoniokoa, inaua kila kitu kwa mpigo. Ukumbi mzima kimya, mimi nimesimama. Kwa RAM yako hiyo, jifunze `doneAction` siku ya kwanza.

#4 Mzee_wa_Okestra
Marahaba binti. Ila hata Csound siku hizi unaibadilisha inalia, tangu toleo la 6 la mwaka 2013. Tusiizeeshe kwa lazima.

#5 tambi_kwa_nazi
Jamani mtu katoka FL, mnamtupia msimbo usoni. Pure Data! Unachora. Kisanduku cha kelele, kisanduku cha kichujio, unaunganisha kwa waya, unasikia. Aliyeiandika, Miller Puckette, ndiye aliyeanzisha Max kule IRCAM, Ufaransa, kwa hiyo si mchezo wa watoto. Kwa robo-toni kama hiyo sika, kisanduku cha `mtof` kinapokea namba zenye nukta. Andika 63.5 kinakupa 320.2 chenyewe.

Ubaya wake: baada ya wiki mbili pachi yako (huo mchoro) inakuwa sinia la tambi (jina langu mnaliona). Na kama waya mmoja unakwenda sehemu mbili, ipi ipate kwanza inategemea uliunganisha ipi mwanzo, kitu ambacho hukioni kwa macho. Tumia kisanduku cha `trigger` kila mara. Mimi sikutumia, nikatafuta kosa lisilokuwepo usiku kucha.

#6 kaka_mchokozi
Mkuu, si urekodi tu ganuni ya mjomba, uweke kwenye sampla? Mnazunguka mbuyu.

#7 nyuzi_tatu
@kaka_mchokozi nilijaribu. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti. Tulifika noti ya 11 mjomba akasema amechoka, na ganuni yake si ng'ombe wa kukamuliwa.

Nimeanza na Pd (Pure Data) kwa sababu naona ninachofanya. Sikutaka kisanduku cha tayari, nimejenga uzi mwenyewe kwa njia ya Karplus na Strong ya 1983: mlipuko mfupi wa kelele unaingia kwenye ucheleweshaji, unapita kichujio cha wastani, unarudi tena mwanzo. Muda wa kuchelewa ndio unaoamua noti. Mara ya kwanza kulia nimepata baridi mwilini, maana kelele tupu imegeuka uzi!

Ila kuna jambo silielewi. Noti za chini ziko sawa. Kuanzia F ya oktava ya tano kwenda juu, zote zinalia noti ileile. Nikiandika G, nikiandika A, ni hiyohiyo.

#8 fundi_nyaya
Karibu ukutani, ndugu. Kila mmoja amejigonga hapo.

Pd haikokotoi sampuli (vile vipande vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde) moja moja, inakwenda kwa mafungu ya sampuli 64 ili prosesa isichoke. Sauti yako inayorudi inasubiri fungu liishe ndipo iingie fungu linalofuata, kwa hiyo kuchelewa hakuwezi kuwa chini ya sampuli 64. Gawa 44,100 kwa 64 unapata 689 Hz. F yako ni 698. Umeona?

Kwa maoni yangu swali lako la kulinganisha linajibiwa na ukuta huu kuliko na rangi za madirisha. Kila programu inauvuka kivyake:

Pd: uzi uweke ndani ya pachi ndogo yenye `block~ 1`. Fungu linakuwa sampuli moja na ukuta unatoweka, lakini prosesa inalipa, na nyuzi nyingi namna hiyo kwenye i3 utazihisi.

SuperCollider: ukijenga mrejesho mwenyewe kwa `LocalIn` na `LocalOut` utakutana na 64 zilezile. `Pluck` ya dada hapo juu haina shida kwa kuwa mzunguko uko ndani yake, umeandikwa kwa C++. Ila humo ndani huwezi kutia mkono.

Csound: ukubwa wa fungu unauandika mwenyewe, `ksmps`. Na ukiunda opkodi yako (kama `pluck` ya mzee hapo juu) unaweza kuipa `setksmps 1` peke yake, okestra iliyobaki ikaendelea na 32 au 64. Hili ndilo linalonifanya niiheshimu Csound, ingawa sintaksia yake inanitoa jasho.

Faust: ukuta haupo. Alama ya `~` ni mrejesho wa sampuli moja, basi. Inatoka GRAME, Lyon, tangu 2002. Unaandika uzi wako mara moja, unaukompaili uwe kisanduku cha Pd, au ala ya SuperCollider, au opkodi ya Csound, na unakimbia kwa kasi ya C++. Lakini usitegemee kutunga wimbo humo, haina skoa. Ni karakana ya kuchonga ala tu, jukwaa ni kwingine.

#9 nyuzi_tatu
`block~ 1` imefanya kazi, ahsante sana mkuu. Natumia nyuzi sita na prosesa iko hai.

Sasa nimemwita mjomba asikilize. Sika ya oktava ya juu (640.5 Hz) akakunja uso: "Imelala." Mimi sisikii tofauti. Namba nimeandika sahihi, 1000 gawa kwa 640.5, milisekunde 1.56.

#10 fundi_nyaya
Mjomba ana sikio. Hesabu: 640.5 Hz inataka mzunguko wa sampuli 68.85. `delread~`, kisanduku chako cha kuchelewesha, haijui nukta, inakupa 69. Kichujio chako cha wastani nacho kinachelewesha nusu sampuli. Jumla 69.5, yaani 634.5 Hz. Umeshuka senti 16 (senti 100 ni nusu toni), na kwa mtu aliyezoea kutega nyuzi tatu zikae pamoja hizo ni nyingi. Chini hukusikia kwa sababu nusu sampuli ndani ya mia mbili ni kitu kidogo.

Tumia `delread4~`, hiyo inakubali nukta, na uondoe ile nusu: sampuli 68.35.

#11 binti_wa_seva
Na haya usiyaache yafe humu. Ulipokwama, andika. Msimbo wa zote nne uko wazi mtandaoni, na maelezo ya visanduku yanahitaji watu zaidi ya wanavyohitajika waandishi wa C. Ripoti ya kwanza niliyopeleka kwenye mradi mmoja ilisema "haifanyi kazi", ikafungwa siku hiyohiyo, na walikuwa na haki. Taja toleo, mfumo, na uambatanishe pachi ndogo kabisa inayoonyesha tatizo. Visanduku vitatu, si tambi zote. Menyu za Pd pia zinatafsiriwa kwa faili za `.po`, mtu akijua Kiswahili na subira ametosha.

#12 Mzee_wa_Okestra
Kijana, ganuni haina uzi mmoja kwa noti, umesema mwenyewe. Weka nyuzi tatu: mmoja sawasawa, mmoja juu senti 3, mmoja chini senti 2. Kwenye 320 Hz, senti 3 ni kama nusu Hz, basi utasikia sauti inapumua taratibu. Na usizipige kwa wakati mmoja, kidole hakifanyi hivyo. Chelewesha kila mmoja milisekunde chache.

(Kwenye Csound hiyo ni mistari mitatu. Nasema tu.)

#13 tambi_kwa_nazi
Kwenye Pd ni kunakili na kubandika mara mbili mzee. Nasema tu.

#14 nyuzi_tatu
Nimeweka tatu, nimeweka `delread4~`. Mjomba kasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Noti imekaa. Lakini hii ni nyuzi bila mti."

Ana maana gani? Nipitishe kwenye mwangwi?

#15 fundi_nyaya
Hapana, mwangwi ni chumba. Yeye anasema sanduku, ule ubao na ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi. Uzi wako kwa sasa umefungwa hewani.

Njia rahisi: zuia nyuzi zote kwa kitambaa, gonga ganuni kwa ncha ya kidole karibu na daraja, rekodi mpigo mmoja tu, mfupi. Sasa pale unapoingiza kelele nyeupe kwenye uzi, ingiza huo mpigo badala yake. Sanduku litasafiri ndani ya uzi, na prosesa haitaongezewa kitu.

#16 nyuzi_tatu
Mjomba amekataa katakata ganuni isigongwe. Nasubiri alale mchana.