Pampu ya tangi la vibua inalia lakini maji hayaji

Mvuvi wa Nungwi:

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naombeni msaada kuhusu tangi la chambo hai. Nina mwezi wa pili na boti ya faiba ya futi 23, ya zamani, nimeinunua Dar ikiwa mkononi mwa mtu wa tatu. Mashine haina neno, bodi nzima. Kinachonisumbua ni tangi la vibua.

Limejengwa tezini, yaani nyuma ya boti, chini ya kiti, linachukua kama lita 120. Nikifungua mfuniko wa ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, naona mipira minne ya maji: miwili myeupe, mmoja mweusi, na mmoja wa mikunjomikunjo kama wa mashine ya kufulia. Yote inakutana kwenye koki moja ya kuzungusha, maandishi yake yamefutika. Aliyeniuzia naye hajui, aliikuta hivyo hivyo.

Nikiwa nimetia nanga, nikiwasha swichi maji yanaingia vizuri. Nikitoka na mwendo kuelekea mkondo wa Pemba, kisha nikapunguza ili niteremshe mishipi, pampu naisikia inalia lakini maji hayatoki hata tone. Jumamosi nilitia vibua 20, migongo inang'aa. Nusu saa haikufika wakaanza kulala ubavu, midomo wazi. Saa tatu asubuhi wamebaki watatu. Nilikuwa na wageni wawili waliotoka mbali kwa ajili ya sulisuli, nikabaki kukokota chambo cha plastiki. Iliniuma sana.

Fundi ananiambia ninunue pampu kubwa zaidi. Fedha ninayo, lakini moyo unasita. Ninunue?

Kijana wa Kigamboni:

Kaka, pima umeme kwanza, na upime palepale kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, si kwenye betri. Yangu betri ilionyesha volti 12.6, kwenye pampu zinafika 10 na kidogo. Nilipochuna waya, ndani ulikuwa kijani kitupu, chumvi imeula. Nikabadilisha waya na fyuzi, ikapona.

Nahodha wa Mtwapa:

Wa alaykum salaam mwanangu. Usinunue. Kijana hapo juu kasema kweli kuhusu waya, lakini wewe pampu yako inafanya kazi ukiwa umetia nanga. Hiyo si mbovu, imeshikwa na hewa.

Pampu za namna hii hazijui kuvuta. Zinasukuma tu maji yaliyokwisha kuzifikia. Boti ikishika mwendo tezi inapanda, maji yanakimbia chini ya bodi, na hewa inaingia kwenye mdomo wa kuvutia. Ukipunguza mwendo maji yanarudi, lakini kama mpira una kilima mahali, ile hewa inakaa kileleni haina pa kwenda. Feni ya pampu inazunguka ndani ya povu. Hata ukitia pampu mara mbili ya hiyo, italia vilevile.

Sasa fanya hivi. Siku ya bamvua ilaze boti kwenye mchanga maji yakitoka, uingie chini uangalie kichujio cha nje, kile chenye umbo la kijiko. Mdomo wake lazima uangalie omo, yaani mbele. Ukiangalia nyuma, mwendo wenyewe unanyonya maji kutoka kwenye mpira badala ya kuyatia. Nimeona boti tatu za namna hiyo, na wenyewe wote walikuwa wameshabadilisha pampu.

Kisha ingia ngamani na rola za utepe wa rangi. Shika mpira mmoja kwa mkono, ufuate mpaka mwisho wake, ufunge utepe, halafu wa pili. Usikisie. Mmoja unaleta maji ya bahari, mmoja unapanda tangini, mmoja unarudisha maji ya tangi kwenye pampu ili yazunguke, mmoja unamwaga nje. Huo wa mikunjomikunjo utoe, ile mikunjo inazuia maji. Tia mpira ambao ndani yake ni laini, na upande moja kwa moja kutoka kwenye pampu mpaka tangini bila kushuka popote. Tundu la kutolea la pampu liangalie juu.

Na ukiwa hapo chini, chukua kisu ukwaruze koki ya kwenye bodi, ile inayoingiza maji ya bahari. Ikitoa rangi ya waridi ujue ni shaba ya njano na zinki yake imeshaliwa na bahari. Siku moja itakatika mkononi mwako kama biskuti, na boti itajaa. Weka ya bronzi, bana mpira kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, na funga kizibo cha mti mwororo kwa kamba hapohapo pembeni, uzibe nacho tundu koki ikikatika. Hili la koki nakusisitizia kuliko vibua.

Mkaazi wa Maskati:

Niongeze la samaki wenyewe. 20 kwenye lita 120 ni wengi kwa maji ya joto, maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Mimi kwa tangi kama hilo siweki zaidi ya 10. Na ile koki ya mipira minne isikae muda wote upande wa kuzungusha maji ya tangi, yale ni maji yaleyale na uchafu uleule wao. Angalia pia tundu la kufurikia, liwe pana kuliko mpira unaoingiza, la sivyo sakafu itaoga. Tangi lijae mpaka juu, maji yakipigapiga samaki wanagongwa kwenye kona.

Mvuvi wa Nungwi:

Nahodha, Mungu akuzidishie umri. Nimesubiri bamvua ndiyo nimeweza kuilaza. Kijiko kilikuwa kinaangalia tezi! Na ule mpira wa mikunjo ulipita juu ya ubao, ukashuka, ukapanda tena. Koki niliikwaruza, ikatoka waridi kama ndani ya kinywa cha paka. Nimebadilisha yote, isipokuwa pampu.

Nilipima kwa ndoo ya lita 20. Kabla ilijaa kwa sekunde 58, sasa sekunde 31, pampu ileile ya galoni 800 kwa saa. Jana nimekwenda mbio dakika arobaini, nikapunguza, maji yakatoka yenyewe kabla sijageuka kutazama. Niliweka vibua 10. Saa saba mchana tulikuwa tumetumia sita, na wanne waliobaki niliwarudisha baharini palepale nyuma ya boti, wakapiga mkia wakazama wote.

Nahodha, swali moja la mwisho: hicho kizibo, mti gani mwororo unatumia huko Mtwapa?

Nahodha wa Mtwapa:

Msonobari, mwanangu. Ukilowa unavimba na kuziba wenyewe. Mvule ni mgumu, usiutumie.