Nilitaka walie, wakacheka. Nikate sini hii?

BintiKibokoni
Salaam wana jamvi. Nina filamu ya dakika 34, yangu ya kwanza, ya kuchekesha na kuliza. Baba mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, wakala wa kutoa mizigo bandarini, amekosa kazi tangu makontena yaanze kupandishwa treni ya SGR kwenda kutolewa Nairobi. Mkewe hajui. Kila asubuhi avaa shati lililopigwa pasi, abeba faili lake, kumbe aenda kuketi ufukweni Mama Ngina kutazama meli zikiingia.

Sasa kuna sini moja. Mke ampakulia mahamri na mbaazi, mume ajifanya kapigiwa simu na mteja: "Kontena la futi arobaini? Meli imefika asubuhi? Basi ntakutolea leo leo!" Mke hasemi kitu, amwongeza mbaazi tu. Kisha twamwona jikoni, alia. Niliiandika huku nami nalia.

Ijumaa tulitundika shuka jeupe uani kwa shangazi, wakaja watu kama sitini. Wacha! Kusikia "leo leo" ua zima likaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka hata kofia ikamdondoka. Kile kilio cha jikoni hakikusikika kabisa, na sauti yake ndiyo iliyonitoa jasho: siku tisa za kupiga picha, tatu zililiwa na kunguru. Ukisema "kimya", wao ndio waanza.

Mhariri wangu yuasema niitoe ile simu. Nikate?

mkasi_na_gundi
Usiikate. Kosa liko baada ya simu. Kicheko cha watu sitini hakitulii mara moja, wewe umewapa sekunde ngapi? Baki na uso wa yule mke, mbaazi zifuke moshi, watu wachoke kucheka wenyewe, ndipo uende jikoni. Tazama Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Mtoto wa miaka tisa, mgonjwa wa kufa, na kijiji kizima chashikana kumtengenezea filamu ya shujaa. Jambo zito namna hiyo na bado watu hucheka. Ilianzia tamasha la filamu la Berlin, halafu Kenya ikaipeleka Oscar.

tuktuk_ya_buluu
Na KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, je? Kabla hujaipeleka kwa umma lazima ipewe kiwango. Hiyo yako sioni cha kuizuia GE, ile ya kutazamwa na watu wote, labda wivu wa mbaazi.

MzeeWaChangamwe
Binti yangu, mwenye kofia ni mimi.

Nimetoa mizigo miaka 22. Sijapata kuona wakala akitoa kontena siku ile ile meli imefika. Kuna ushuru, kuna karatasi za wakala wa meli, kuna foleni ya kukaguliwa. Mke wa wakala akisikia "leo leo" ajua hapo hapo ni uongo. Nilidhani umefanya makusudi! Kumbe hukujua. Basi usiirekebishe.

Mimi 2019 Mama Ngina yangu ilikuwa feri. Wa miguu halipi, kwa hivyo nilikuwa nikivuka Likoni na kurudi, mara nne, tano kwa siku, faili kwapani, nikimwambia mke wangu niko kazini. Ijumaa alikuwa kando yangu pale uani. Uliposikika huo "leo leo" akanigeukia, akanitazama tu. Nikajua alijua siku zote. Ndipo kofia ikaanguka.

BintiKibokoni
Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, chai imepoa. Simu yabaki.
@mkasi, nimepima sasa hivi: niliwapa sekunde mbili. Aibu yangu. Usiku narudi mezani, kunguru wakilala.
Mzee, niwie radhi kwa kuuliza: kwenye feri ulikuwa ukisimama upande gani?

MzeeWaChangamwe
Marahaba. Upande wa bandari. Ule mwingine ni bahari tupu, ntatazama nini?