Naomba ushauri: kuandika vipimo vya chai ya babu na bibi

Wadau, naomba msaada wa wenye uzoefu wa kunakili mapishi ya wazee. Lengo ni kupata vipimo kamili vya chai yao, ilhali wao hupima kwa kiganja na macho tu.

Njia inayotumika sasa: kopo la majani linapimwa kwenye mizani kabla bibi hajachota na baada ya kuchota, tofauti ndiyo kipimo. Zoezi linarudiwa siku 4 ili kupata wastani, maana mtu akijua anaangaliwa mkono hubadilika. Mizani isome gramu 0.1, kwani kikombe cha mililita 200 huhitaji kama gramu 2 tu za majani. Maji yanapimwa kwa jagi kabla ya kuingia sufuriani.

Panapokwama ni ladha. Vipimo vinalingana, lakini chai inatoka chungu, tena ina utando juu. Utando nadhani ni maji magumu yenye chokaa. Uchungu ndio unaonisumbua: majani yakikaa majini zaidi ya dakika 5 tanini (kiambata cha majani kinacholeta uchungu na ukakasi) huzidi, na sufuria isiyofunikwa hupunguza maji, chai ikazidi kukolea.

Je, nipime pia kinachobaki mwishoni? Na bibi anayechemsha majani pamoja na maziwa, muda uhesabiwe tangu majani yatiwe au tangu maziwa yaanze kufura? Babu yeye hutia maziwa kikombeni, kwake hakuna utata.