Mrejesho: maharage ya nazi yametoka poa

Wadau habari zenu, mi ndo yule niliyeuliza namna ya kupika maharage ya nazi bila kumaliza gesi na bila tui kukatika, mkaniambia niloweke usiku kucha, nichemshe mpaka yaive kabisa ndo mambo ya nazi yafuate. Aisee asanteni sana.

Nililoweka nusu kilo ya yale ya njano, asubuhi nikamwaga maji nikabandika na mengine, chumvi sikutia kwanza. Yameiva mapema, ukiminya moja kwa vidole linapondeka lote. Nikaweka kitunguu, karoti, hoho na tui la pili, nikaacha vichemke mpaka maji yapungue. Tui la kwanza nikamimina mwishoni moto mdogo sana, hapo sikutoka jikoni, nakoroga taratibu tu na mwiko, sufuria haijafunikwa, mpaka rojo likawa zito linashika kijiko, ndo nikatia chumvi.

Dada uliyesema nisikaange kitunguu kwa mafuta ubarikiwe, nazi ina mafuta yake inatosha kabisa. Na magadi mtu usihangaike nayo kama umeloweka, yanaharibu ladha bure.

Tumekula na wali, kiporo kesho yake na chapati kilikuwa kitamu zaidi hata. Sasa nataka mchicha wa nazi, tui zito naweka mchicha ukiwa umeshanywea au mapema?