Naomba ushauri: bima kubwa inataka kunilipa nusu, eti "avareji" na "eksesi"

Habari zenu wakuu. Nina gari, Toyota IST, niliikatia bima kubwa (ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe) mwezi wa tatu. Wakala akanishauri tuandike thamani ya milioni 9 ili ada ishuke, nami kwa kupenda cha bei rahisi nikakubali. Juzi nimegongwa na bodaboda, naye kakimbia. Gereji wakakadiria milioni 3.

Mkadiriaji wa kampuni akasema gari sokoni ni milioni 15, kwa hiyo nimekatia asilimia 60 tu, na hasara nalipwa asilimia 60: 1,800,000. Hiyo ndiyo avareji. Hapo wakakata eksesi asilimia 10, yaani sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe. Mkononi 1,620,000.

Hesabu nimeielewa, roho ndiyo haijakubali. Mkataba wa bima wa kurasa kumi na kitu, nani anasoma?

Ninachouliza: thamani ya soko huangaliwa siku ya kukata bima au siku ya ajali? Na kosa la wakala linanisaidia nikienda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au sahihi yangu imeshanimaliza? Hati ya kukubali malipo sijasaini bado, wananipigia kila siku.