Makava ya taa za ukutani: nipime vipi, na nichukue ya kitambaa au ya kioo?

mwambao_tg

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kuchagua makava ya taa za ukutani (wengine mnaita chengeu). Nyumba iko Tanga, karibu na bahari, na madirisha hufunguliwa kutwa. Sebule ni mita 4 kwa 5, taa ya dari ipo, na ukutani kuna taa nne. Kila moja ina mkono wa chuma unaotoka ukutani na kupinda kuelekea juu. Kutoka ukutani hadi katikati ya holda ni sentimita 11, na kitako cha holda kiko sentimita 165 kutoka sakafuni. Holda ni za pini. Balbu ni LED za wati 9, zile nyeupe zenye usamawati. Taa ya tano iko kwenye korido yenye upana wa sentimita 110, nayo ina mkono kama huo.

Makava ya kioo yaliyokuwepo, mawili yamevunjika na ya kufanana nayo hayapatikani, kwa hiyo nabadilisha yote. Nichukue kipenyo gani? Kitambaa au kioo? Halafu madukani kuna makava yenye tundu kubwa na yenye tundu dogo, tofauti yake ni nini?

fundi_nyaya

Mkuu, kupima huo mkono kabla ya kwenda dukani ni jambo la maana sana, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu. Sentimita 11, toa 2 ili kava lisiguse ukuta, zinabaki 9. Hiyo ni nusu ya kipenyo, kwa hiyo kava la duara lisizidi sentimita 18 pale lilipo pana zaidi. Ukichukua la 22 litaegemea ukuta, litakaa upande, na kila likipanguswa vumbi litachubua rangi. Ukitaka upana zaidi, tafuta lililokatwa nyuma, la nusu duara.

Kimo nacho kinapigiwa hesabu. Holda ya pini huchukua kama sentimita 4, balbu ya kawaida ikishaingia hubaki kama 9 juu yake. Kwako ncha ya balbu iko karibu na sentimita 178. Kava lianze chini kidogo ya kitako cha holda, tuseme 163, na liipite ncha ya balbu kwa sentimita 3. Unapata kimo cha sentimita 18. Likiwa fupi kuliko hapo, aliyesimama karibu na taa ataiona balbu yenyewe, na balbu ikishaonekana kava halina kazi tena.

Sasa tundu. Dogo ni la milimita 29 hivi, ndilo la holda ya pini. Kubwa ni la milimita 42 hivi, la holda ya kuzungusha (E27). Lenye tundu kubwa linaweza kutumika kwako ukiweka washa (pete bapa) ya plastiki ya kupunguza tundu. Muuzaji mzuri hukupa pamoja na kava. Kinyume chake hakiwezekani, na usikubali mtu apanue tundu kwa kisu au faili. Ringi (ile pete ya kava inayokaa kwenye holda) ikishakatwa huyumba, na kava hulala upande mmoja.

Angalia pia ringi imekaa wapi ndani ya kava, wengi hukosea hapa. Kava la taa ya kuning'inia lina ringi juu. Holda zako zinatazama juu, kwa hiyo ringi iwe chini, kama sentimita 5 kutoka ukingo wa chini. Ukiligeuza la kuning'inia juu chini, kama lina umbo la koni, sehemu pana itakuwa juu na mwanga wote utakimbilia dari.

Balbu: wati 9 hutoa karibu lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Nne ni 3200, na dari bado hujaiwasha. Kwa taa za ukutani wati 4 au 5 zinatosha, na soma kwenye boksi iwe 2700K au 3000K, yaani mwanga wa umanjano. Hizo ulizonazo yaelekea ni 6500K. Ukiziweka ndani ya kitambaa cha rangi ya maziwa, sebule inageuka kama chumba cha sindano.

mshona_makava

Naongezea kwenye kitambaa. Karibu na bahari kitambaa chenyewe si tatizo kubwa, tatizo ni fremu. Waya wa chuma mtupu ukila chumvi hutoa kutu, na kutu hupenya kitambaa na kuacha mstari wa kahawia kuzunguka ukingo wa juu na wa chini. Hautoki hata ukifua. Dai fremu iliyopakwa rangi ya unga na kuokwa, kisha kagua sehemu za kulehemu, pale waya wa ringi unapokutana na waya wa pembeni. Kutu huanzia hapo, kwa kuwa rangi haishiki vizuri juu ya mabonge ya kulehemu. Pitisha kidole: ukihisi mikwaruzo, liache.

Makava mengi ya dukani yamebandikwa kitambaa juu ya karatasi ya plastiki. Kwenye unyevu gundi huachia na kitambaa huvimba malengelenge, hasa upande unaopata jua la dirishani. La kushonwa juu ya fremu hudumu zaidi, na unaweza kuvua kitambaa ukafua.

Ukishonesha la mviringo lililonyooka, 18 kwa 18: mzunguko ni 18 mara 3.14, yaani sentimita 56.5, ongeza 1.5 ya mshono, unakata 58. Kimo unakata 21, yaani 1.5 ya kukunjia kila upande. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa vipande viwili kwa upana, kwa hiyo nusu mita inatosha makava manne. Kama ni kitenge chenye maua makubwa nunua mita nzima, ili maua yakae mahali pamoja kwenye kila kava.

Kabla ya kununua, washa balbu na ukishike kitambaa sentimita 9 mbele yake. Rangi ya mezani siyo rangi ya usiku. Bluu iliyokolea huwa nyeusi tupu, na mwanga hutokea juu na chini tu. Nyekundu hupaka ukuta mzima wekundu. Ukiona duara la balbu katikati ya kitambaa, weka bitana nyeupe ya pamba kwa ndani. Na mshono uelekee ukutani siku zote, maana taa ikiwaka huonekana kama kovu.

korido_na_ngazi

Kwa korido siafikiani na kava la 18. Mkono wa 11 ukijumlisha 9 za kava, inakuwa sentimita 20 kutoka ukutani, kwenye kimo cha bega na kichwa. Ndani ya korido ya 110, mtu aliyebeba ndoo au godoro ataligonga. Kanuni za Marekani za majengo yanayofikika na walemavu zinataka kitu cha ukutani kilicho kati ya inchi 27 na 80 kutoka sakafuni kisitokeze zaidi ya inchi 4, karibu sentimita 10. Ni kipimo kizuri hata kwetu. Ondoa huo mkono kabisa, uweke nusu bakuli ya kioo cheupe cha maziwa inayolala ukutani.

Ila ujue bakuli iliyozibwa chini hukusanya wadudu. Msimu wa mvua kumbikumbi huingia juu, hufia chini, na baada ya wiki mbili kuna kivuli cheusi kwenye kioo. Chagua inayovuliwa kwa skrubu moja ya pembeni, uioshe bila kuita fundi. Makava ya sebuleni yaliyo wazi juu na chini hayana shida hiyo, wadudu huanguka.

mwambao_tg

Nashukuru sana wote. Sebuleni nashonesha, korido naweka bakuli. Swali la mwisho: kuvua kava la zamani na kuvisha jipya naweza mwenyewe?

fundi_nyaya

Kava peke yake, ndiyo. Ila zima mein swichi, usiridhike na swichi ya ukutani. Kama aliyefunga alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme), taa huzimika lakini holda bado ina umeme. Toa balbu, zungusha ringi ya plastiki ya holda kinyume cha saa, vua kava, visha jipya, kaza kwa vidole tu bila koleo.

Ringi ikikatika au plastiki ya holda ikimeguka vipande vya kahawia, holda imeungua kwa joto la balbu za zamani. Hapo usivishe kava, ita fundi abadilishe holda kwanza. Akifungua, mwambie akague waya wa ethi, wa kijani na njano, umefungwa kwenye mkono wa chuma. Na korido pia aifanye yeye, maana mkono ukitoka kuna nyaya za kufunga upya.